Ugonjwa wa Mabinti wa Nyumba Yetu

Siku tuliyoanua matanga ya dada yangu kule Kilolo naikumbuka vizuri, mwanangu, maana nusura tumfukuze mama yako.

Nilikuwa msichana tu. Saratani ya titi ilimchukua bibi, ikamchukua shangazi mkubwa, kisha dada. Wazee wakakaa na ulanzi wao, pombe ya mianzi, na baba mkubwa, hodari wa kunusa wachawi kuliko kulima, akamnyooshea kidole mama yako.

“Huyu wa Mbalizi kaolewa juzi, tayari tunazika. Arudi kwao.”

Baba yako, kaka yangu yule mpole, aliinamisha kichwa. Mama yako alikuwa amekubeba mgongoni. Nilimwonea huruma mno.

Ndipo akainuka Shangazi Vumilia, mdogo wao baba. Mwanamke wa kufanana naye sijamwona hadi leo.

“Kaka, mama alikufa huyu binti hajazaliwa. Nionyesheni mke mmoja wa kuolewa aliyekufa hivi. Wote wapo, wanawapikia! Tunaokufa ni tuliozaliwa hapa. Mimi mwenyewe nina uvimbe titini. Kesho naenda Iringa, na huyu mnayemfukuza ndiye atakayenisindikiza.”

Kikao kikavunjika bila mtu kukivunja.

Daktari wa mjini aliwaeleza vizuri, nao wakarudi kutueleza. Mwilini seli hugawanyika, moja ikawa mbili. Ipo jeni inayozikagua kwanza: ikikuta kasoro huisimamisha seli irekebishwe, na isiyorekebishika huiamuru ife. Shangazi akasema ni kama mtu anayechambua mbegu za viazi kabla ya kupanda, akitupa zilizooza. Kila mtu huzaliwa na nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba, moja ya mama. Ukirithi moja mbovu, siku ile nyingine ikiharibika hakuna tena wa kuchambua, na seli zenye kasoro zinazaana ovyo. Daktari alihisi ndivyo ilivyo katika ukoo wetu. Tena akasema hata mwanamume huibeba na kuwarithisha watoto wake, akiwa mzima kabisa.

Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Sisi tulikuwa tunakitafuta Mbalizi.

Baba mkubwa alikwenda hadi jikoni kwa mama yako akamsalimu kwa Kihehe, “kamwene,” kwa sauti ndogo. Kwa mzee yule, hiyo ilikuwa toba kubwa.

Shangazi alikatwa titi, akatibiwa, akazeeka akiwa mkali vilevile. Alipita nyumba kwa nyumba akituswaga mabinti kwenda kupimwa, nasi tukimkimbia. Mimi alinikamata. Uvimbe wangu ulionekana ungali mdogo, ndiyo maana leo nina mdomo wa kukusumbua. Nampenda mwanamke yule mpaka kesho.

Sasa nasikia umeambiwa ukapimwe jeni hiyo, nawe unaahirisha kwa kuogopa majibu. Hofu hiyo naijua. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Kurithi jeni mbovu si kurithi kaburi. Ni kujua kwamba wewe unapaswa kuangaliwa mapema na mara kwa mara kuliko wenzako. Nenda wiki hii. Kaka yako naye aende, asijifiche nyuma ya uanaume. Na mtu akiugua katika nyumba yenu, kabla ya kuuliza nani kamroga, ulizeni babu na bibi zake waliugua nini.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie, akupe majibu mepesi. Na yakiwa mazito, akupe uzee mrefu wa kuyasimulia.