Uzi wa Mafundo Matatu

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana, na akili zangu timamu. Sijatia chumvi hata chembe.

Miaka ile ya biashara huria kila mtu alikuwa anafungua kampuni. Mimi nilikuwa nakata tiketi za ndege kwenye kiofisi kimoja Temeke, chumba kimoja na ramani ya Tanzania ukutani. Mteja akiuliza umbali, nilinyoosha uzi wa bluu wa kushonea kutoka mji hadi mji, nikafunga fundo kwa kila saa ya kuruka. Wateja walipenda sana. Tajiri wetu alishatuonya: taja saa za angani tu, habari za kubadili ndege na kulala njiani zisubiri mpaka mtu alipe.

Jumanne moja mvua ilikuwa inamwagika, umeme umekatika, nami nasinzia mezani. Nilipoinua kichwa, palikuwa na mama mzee kwenye benchi. Mlango sikuusikia. Na kanga zake, niamini, zilikuwa kavu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hivi Mtwara na Bukoba ni mbali?"

Sauti yake ilikuwa ya chini, ya kubembeleza, hata usingizi wangu haukukatika vizuri. Akasema yeye ni wa Mtwara, na mwanawe anafundisha shule Bukoba. "Nikimwita asubuhi, jioni nitamwona?"

Nikapima. Yeye alishika ncha ya uzi pale Mtwara kwa kidole, mimi nikavuta mpaka juu kule ziwani. Kilomita elfu moja na mia tatu na ushee. Mafundo matatu.

"Masaa matatu tu, mama. Jioni mtakula pamoja."

Nilijua hakuna ndege ya moja kwa moja. Nilijua mwanawe angepitia Mwanza, aje Dar, alale, asubiri siku ya ndege ya Mtwara. Ningepungukiwa nini kusema? Lakini mama alitabasamu, nikaona uvivu kumharibia. Akaniomba ule uzi, nikampa. Niligeuka kufunga dirisha, na nilipotazama tena benchi lilikuwa tupu.

Wiki tatu baadaye akaja mwanamume mmoja, amefikia kwa jamaa zake Temeke, anataka tiketi ya kurudi Bukoba. Alipoiona ramani akaisogelea. Akatoa mfukoni uzi wa bluu, akaunyoosha mwenyewe, Mtwara mpaka Bukoba. Ulienea barabara.

"Dada, marehemu mama yangu walimkuta na huu mkononi wakati wa kumwosha. Hakuna anayejua kaupata wapi. Hakuwa ameinuka kitandani tangu Ramadhani."

Akanisimulia kuwa ndugu walitaka kumpelekea yeye telegramu mapema. Mama akakataa, mwanangu asisumbuliwe kazini, ni masaa matatu tu. Ilipopelekwa, mwanawe alikaa njiani siku tatu, akakuta kaburi bichi.

Nilimweleza yote huku nalia. Hakufoka. Aliniuliza kitu kimoja: "Sasa mbona hukumwambia habari ya kulala Dar?"

Kazi niliacha mwezi uleule. Lakini mvua ikinyesha mchana, nasikia uzi ukivutwa kwenye kidole changu, taratibu, kutoka kusini.

Basi nawe, mzee akikuuliza mahali ni mbali kiasi gani, mhesabie na kulala njiani, na ndege isiyokuja. Huenda siku alizobakiza anazipangia jibu lako.