Sabuni ya Baba na Chemchemi ya Wajomba

Naikumbuka asubuhi moja, mwanangu, enzi za Mdachi, yaani Mjerumani, huku kwetu Kinole, chemchemi ya ukoo wetu ilipoamka inatoa povu. Si povu la mchezo! Lilifunika bonde zima, na nakuapia, vyura walitoka mle wametakata kama waendao Idi.

Povu hilo lilikuwa la baba yangu, Salumu. Alikuwa amefanya kazi mjini Morogoro kwenye karakana ya Mdachi mmoja, akajifunza kupika sabuni: mafuta ya nyonyo, maji ya majivu ya maganda ya ndizi, moto wa wastani, na mkono usiochoka kukoroga. Wengine walimwita mganga, wengine mchawi. Mimi nilisoma ukubwani, madarasa ya jioni, mvi zimeshanijaa, ndipo mwalimu akatuambia kazi ya namna ile ni kemia. Nikaruka pale darasani: "Kumbe baba yangu alikuwa mkemia!" Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Mama, Mwanahawa, ndiye aliyechoma maganda na kuchuja majivu. Baba bila mama alikuwa na sufuria tupu.

Sasa wewe uliyekulia mjini, Msamvu, huenda hujui. Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na watoto pia. Mume huja kukaa kwa mkewe, na akitaka mahali pa kufanyia jambo lake, humwendea mjomba mwenye ardhi, akampa ngoto, yaani zawadi ndogo ya heshima, naye akaonyeshwa. Baba alijenga jiko lake upande wa juu wa chemchemi bila kumwomba mtu. Mjuzi mara nyingine husahau kubisha hodi. Mvua ikanyesha, uchafu wa sabuni ukateremka.

Mjomba Shomari, kaka yake mama, akaja na mtungi wenye povu, akautua miguuni pa baba.

"Shemeji, hii ni supu ama ni nini?"

"Ni ajali, shemeji. Mvua hii."

"Mvua tunaijua, imezaliwa huku. Nani alikuonyesha hapa?"

"Mke wangu."

"Mke wako amekupa chakula na watoto. Chemchemi ni yetu sote. Bomoa jiko."

Baba akavimba kama andazi. "Basi nahama! Mdachi ananingoja mjini na nyumba ya bati. Namchukua mke wangu na wanangu."

"Sufuria ni yako, beba," mjomba akasema polepole. "Hao wengine ni wa kwetu."

Nami, masharubu ndiyo kwanza yanachungulia, nikadakia: "Mimi nakwenda na baba!"

"Athumani," mjomba akaniambia, wala hakupandisha sauti, "ugomvi wa wakubwa ukiupepea, utaungua wewe. Nyamaza, umsikie mama yako."

Kweli, hakuna aliyekuwa amemwuliza mama. Alikuwa palepale jikoni anakoroga sabuni, machozi yanamdondokea mikononi. Akiondoka, anayaacha makaburi ya bibi zake. Akibaki, anampoteza mume. Akasema, mwiko ungali unazunguka:

"Baba Athumani, mafuta na maji haya hupatanaje?"

"Kwa kukorogwa."

"Na ukifanya haraka?"

Baba akatazama chini. "Hutengana."

"Mume wangu na kaka yangu mmo kwenye sufuria moja, nayo ni mimi. Mbona mnataka kunipasua?"

Ndege wa Uluguru nzima walinyamaza, na hapo siongezi chumvi hata chembe. Baba akatwaa kipande cha sabuni kikubwa kuliko vyote, akavua kofia, akaenda kukaa chini kizingitini pa mjomba.

"Shemeji, naomba mahali."

Mjomba akainusa ile sabuni, akakunja uso. "Inanuka kama kwapa la beberu," akasema. "Lakini nimepokea."

Akamwonyesha mahali upande wa chini wa chemchemi, wakachimba pamoja shimo la kumwagia uchafu. Hapo baba na mama walipika sabuni hata vita vya Mdachi na Mwingereza vikaja, na ya madukani ilipoadimika mlima mzima ulifua kwa kazi ya mikono yao. Baba alipofariki, ndugu zake walikuja kumchukua wakamzike kwao. Mjomba Shomari, wakati huo mzee wa kuinuliwa na watu wawili, akakataa katakata.

"Huyu aliomba mahali, nami nikampa. Hapokonywi."

Tukamzika palepale. Mama naye, siku yake ilipofika, alilazwa ubavuni pake, na makaburi ya bibi zake hayako mbali.

Basi, mwanangu, soma, tena soma mapema kuliko mimi. Lakini ujuzi wako ukiupeleka kwenye ardhi ya watu, ubishe hodi kwanza. Heshima si utumwa. Na ukiona wawili wanavutana, mtazame aliye katikati, umwulize yeye anaumia wapi. Mungu akupe mkono usiochoka kukoroga, akupe na mwenzi wa kukuchujia majivu, na maji yako ya kunywa yasitoe povu kamwe. Amina.