Walitaka Kulikata, Mama Pazia Akalishona

Saa mbili asubuhi. Milango ya makumbusho bado imefungwa, na Mama Pazia amepiga magoti jukwaani, nyuma ya pazia jekundu, anapapasa pindo la chini kwa kiganja kama mama anayepima homa mgongoni mwa mtoto. Mahali fulani mkono unasita. Anachomoa sindano kwenye ukosi wa gauni, anapiga mishono michache, anakata uzi kwa meno.

"Usiniangalie hivyo," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Mkasi ninao. Ni mazoea tu."

Pazia lenyewe ni kubwa kuliko nyumba za wengi wetu. Ni la mahameli nzito, linashuka kutoka darini hadi sakafuni, na ndani ya pindo lake umeshonewa mnyororo ili upepo usilipeperushe. Ukikaa kwenye viti vya ukumbi unaona wekundu mtupu. Ukipanda jukwaani na kuzunguka nyuma, unakuta viraka, vya kila rangi, vimebanana kuanzia juu hadi chini bila hata nafasi ya kupitisha kidole.

Hapa ni Makumbusho ya Taifa ya Maigizo. Kuna vinyago, kuna panga za mbao, kuna mabango ya michezo ambayo bibi zetu walitoroka nyumbani kwenda kuitazama. Kuna bati refu ambalo ukilitikisa linanguruma radi, na watoto wa shule hugombania zamu ya kulitikisa mpaka walinzi wanaziba masikio. Lakini waulize walinzi haohao wageni hutoka nje wakisimulia nini. Watakujibu bila kufikiri: mgongo wa pazia.

Na pazia hilo nusura liishie jalalani.

Mama Pazia aliingia katika jengo hili akiwa msichana, akaja kumshikia mtu zamu ya kufagia. Fundi wa maleba, yaani mavazi ya waigizaji, akamwona amejibanza pembeni anashona mkono wa sare yake uliochanika. Akauchukua ule mkono, akaugeuza ndani nje, akautazama. Kesho yake ufagio akapewa mwingine.

"Sikupandishwa cheo," anasema. "Nilihamishiwa chumba kisicho na dirisha. Lakini nilifurahi mpaka nikasahau kula."

Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya pazia kila onyesho na sindano tayari, vifungo vikiruka avirudishe, suruali ikipasuka aizibe kabla mwenyewe hajaitwa jukwaani. Upande wa pili, kwenye kamba, alisimama kijana mrefu ambaye kazi yake ilikuwa kulifungua pazia na kulifunga. Leo kijana huyo ni mumewe, na watu wote wa makumbusho wanamwita Mzee.

"Kaka yangu alikuwa mtu makini sana kazini," anasema wifi yake Mama Pazia, mshona sare za shule aliyestaafu, ambaye tangu harusi hiyo hajakosa siku ya kumtania. "Siku moja akachelewa kufunga pazia, mchezo umeisha, waigizaji wamesimama pale hawajui waende wapi. Kumbe macho yake yako kwa mshona vifungo. Nikajua basi, tumempoteza."

Zama hizo watu walijaa mpaka ngazini. Kisha mambo yakageuka. Paa lilianza kuvuja, kundi la waigizaji likasambaratika, wengine wakaenda kuuza madukani, wengine wakafariki. Ukumbi ukakodishwa kuwa ghala la saruji. Viti vikang'olewa na kurundikwa. Pazia peke yake lilibaki mahali pake, si kwa heshima, ila kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu za kulishusha.

Mvua ikaliozesha upande mmoja, panya wakala pindo, vumbi la saruji likaganda juu yake.

Serikali ilipoamua kuligeuza jengo kuwa makumbusho, viti vilirudishwa, na tangazo likatolewa redioni: mwenye kumbukumbu yoyote ya maigizo ailete. Wapo walioleta tiketi za zamani, wapo walioleta picha. Mama Pazia alijileta mwenyewe, na kopo lake la sindano.

Mkurugenzi wa makumbusho ni mwanamke mpole, wa umri wa kitinda mimba wa Mama Pazia. Alimpokea vizuri, akampa kazi ya kibarua ya kusafisha maleba. Ila kuhusu pazia alikuwa ameshafanya uamuzi. Wataalamu wa vitambaa walikuwa wamelipima na kusema limechoka, linaweza kumwangukia mtu. Litakatwa kipande kimoja kizuri, kiwekwe ndani ya kioo pamoja na maelezo. Lililobaki litatupwa, na jukwaani litatundikwa jipya la nailoni.

"Sikuwa na ubaya," mkurugenzi anasema. "Pazia lile lina uzito wa magari mawili. Likimwangukia mtoto wa shule, anayeitwa kujibu ni mimi."

Mama Pazia anasema aliposikia habari hiyo aliacha maleba kwenye beseni. Alikwenda ofisini, hakukaa kwenye kiti alichoonyeshwa.

"Nilimwambia, mwanangu, ukilikata umeliua. Kitakachobaki ndani ya kioo ni kitambaa chekundu, hata sokoni kipo. Pazia ni lile linalofunguka. Nipe mimi nilishone."

Wakakubaliana hivi: siku chache kabla ya ufunguzi kutakuwa na majaribio. Pazia litafunguliwa na kufungwa mbele ya wataalamu. Likistahimili, linabaki. Likichanika popote, mkasi unaingia, na Mama Pazia hatasema neno.

"Nikatoka pale nimevimba kichwa," anasema. "Nilipofika kwenye ngazi, nikakaa chini nikaanza kuhesabu matundu kichwani."

Walilishusha kwa msaada wa wachukuzi na kulitandaza jukwaani. Wifi akaitwa, akaja na mto wake wa kukalia na malalamiko yake. Mzee, ambaye bega lake la kulia lina maradhi ya miaka mingi, akapewa kazi ya kutunga uzi kwenye sindano.

"Miwani mbili, moja juu ya nyingine," anasema Mzee. "Na bado nilikuwa nasemwa kwamba nachelewa."

Mahameli kuukuu haiwezi kujishikilia yenyewe. Ilihitaji kitambaa cha kuibeba kwa nyuma, na bajeti ya kununua bitana ya ukubwa ule haikuwepo. Ndipo Mama Pazia akakumbuka magunia. Stoo kulikuwa na magunia ya maleba ambayo nondo walishayamaliza, umebaki mkono hapa, pindo pale, mgongo wa koti kule. Wataalamu walishasema hayafai kuonyeshwa. Mkurugenzi akaruhusu yatumike.

Ndiyo hivyo viraka. Ukizunguka nyuma, Mama Pazia atakutembeza kwa kidole. Hili joho la mfalme. Hii aproni ya yaya aliyekuwa anajua siri zote. Hii suruali ya askari aliyekuwa anakufa kila Ijumaa.

"Alikuwa anakufa vibaya," Mzee anadakia. "Mahali pote pale jukwaani, yeye lazima aangukie kamba yangu."

Upande wa kushoto ulikuwa umeoza kabisa, hata kwa kubebwa usingefaa. Wakaushonea kipande kingine kizima, walichokitoa kwenye mapazia madogo ya roshani, mahameli ileile. Kazi ilipokwisha, pazia likatundikwa tena. Wachukuzi walipiga makofi. Wifi alilala palepale jukwaani, kichwa juu ya mto wake, akasema asiamshwe hata kukiwa na moto.

Aliyeleta habari mbaya ni mkurugenzi. Alikuwa amekaa kiti cha nyuma kabisa, anatazama.

"Mama," akaita, "mbona huko kushoto kumenuna?"

"Nikamjibu kwamba macho yake yamechoshwa na kompyuta," Mama Pazia anasema. "Nikashuka kwenda kumwonyesha kosa lake. Nikakaa kiti cha jirani. Nikatazama. Nikanyamaza."

"Wifi yangu akinyamaza," anasema wifi, "tafuta kanga ya msiba."

Mahameli ina manyoya mafupi yaliyolala upande mmoja. Ukiyapapasa kufuata ulalo wake, yanateleza. Ukienda kinyume, yanakwaruza kiganja. Ndiyo maana mafundi husema kitambaa hiki kina kichwa na miguu. Kile kipande cha kushoto walikuwa wamekishona miguu juu. Ukiwa karibu huoni kitu. Ukikaa mbali na taa zikawashwa, rangi yake inakuwa nzito na giza, kama uso wa mtu aliyekosewa.

"Kosa ni langu," anasema. "Nilitazama pindo la zamani, nikasema hii ndiyo chini. Sikupapasa. Kitu ambacho ningemfokea mwanafunzi wa siku ya kwanza."

Majaribio yalikuwa wiki ileile. Mkurugenzi akasema paachwe palivyo. Pazia limeshikana, kwa nini kulichokonoa, mgeni gani atajua? Wifi naye akaunga mkono, tena kwa ukali. Kufumua mshono ule kutoka darini hadi sakafuni maana yake ni kutoboa upya mahameli iliyokwishatobolewa. Inaweza kuachia yote.

"Nilimwambia, utatuulia pazia kwa sababu ya rangi," wifi anasema, na safari hii hatanii. "Tuligombana. Siku nzima hatukusemeshana, na tunakalia mkeka mmoja."

Mama Pazia hakulala vizuri. Anasema alijiuliza kama ni pazia analolipigania au ni kiburi chake. Asubuhi akapata jibu lake. Kama angetaka kitu cha kutazamwa kwa karibu tu, basi kipande cha ndani ya kioo kingetosha. Pazia liliwekwa pale kwa ajili ya aliyekaa kiti cha nyuma kabisa, aliyelipa kidogo kuliko wote.

Akaanza kufumua.

Wifi alikuja akasimama nyuma yake, akaguna, akakaa, akashika ncha ya pili. Mchana akaja mkurugenzi na wembe, akavua viatu, akauliza aanzie wapi.

"Nilimpa sehemu ambayo hata akiharibu tutaziba," Mama Pazia anasema na kucheka. "Hakuharibu. Ana mkono mwepesi yule, ofisini wanampoteza bure."

Safari hii alipapasa kabla ya kila mshono.

Siku ya majaribio wataalamu walisimama katikati ya ukumbi, mikono nyuma. Kwenye kamba kulikuwa na kijana wa kuajiriwa, lakini Mzee alimwondoa kwa upole. "Hili mke wangu kalishona," alisema, "mimi nalivuta." Mkewe alimkumbusha bega. Alijibu kwamba la kushoto halina tatizo.

Akavuta. Pazia likatikisika, likajikusanya, likaanza kwenda. Lilipofika katikati, ukumbi mzima ukasikia kitu kinachanika.

Mama Pazia alifumba macho. Anasema hakuomba, hakulia, alingoja tu kusikia kishindo. Badala yake akasikia sauti ya wifi yake, iliyojaa kicheko: "Wifi, fumbua macho. Ni shati la mumeo, kwapani."

Pazia lilikwenda mpaka mwisho, likarudi, likaenda tena. Wataalamu walipanda nyuma na tochi, wakapapasa viraka kimoja kimoja, wakashuka wakisema wametosheka. Mmoja wao aliomba aonyeshwe tena suruali ya askari. Na Mama Pazia, kabla ya kusherehekea, alimvua mumewe shati akaliziba palepale, kama enzi zile.

Siku ya ufunguzi mkurugenzi alifanya jambo ambalo bado linasimuliwa. Wageni rasmi, wenye suti na vitambulisho vya kifuani, hakuwapeleka kwenye viti. Aliwapandisha jukwaani, nyuma ya pazia, wakasimama wakitazama ule mgongo wa viraka huku Mama Pazia akiwatembeza kwa kidole. Wengine walinong'ona kwamba wamepotezwa njia.

Kisha Mzee akavuta.

Pazia lilipofunguka, viti vyote vilikuwa vimejaa. Walikaa maseremala waliogongomea majukwaa, wafua maleba, wapaka rangi, wakata tiketi, wafagiaji, watu waliolitumikia jengo hili miaka na miaka na hawakuwahi kukalia hata kiti kimoja. Wakubwa wamesimama, wafagiaji wamekaa. Kwa muda hakuna aliyejua nani ampigie nani makofi. Halafu mzee mmoja wa safu ya tatu, aliyekuwa mchora mabango, akanyanyuka kwa fimbo yake akaanza kupiga, na jukwaani nao wakaanza, na pande mbili zikapigiana makofi mpaka mikono ikawaka. Mwandishi huyu alikuwepo na hakuandika chochote, kalamu ilikuwa mfukoni na mikono ina shughuli.

Mama Pazia aliona yote hayo akiwa nyuma, pembeni, sindano kwenye ukosi.

Tangu siku hiyo ameajiriwa rasmi, na kila asubuhi lazima apapase pindo kabla mlango haujafunguliwa. Lakini ukimuuliza anataka nini tena, anajibu mara moja, anataka mchezo. Pazia la kufunguliwa wageni wapige picha halimridhishi. Amemsumbua mkurugenzi mpaka amekubali: kundi jipya limeshaanza mazoezi, na litaigiza hapahapa msimu ujao.

"Sindano atashika wifi," anasema. "Nimeshamwambia, ananung'unika lakini atashika. Mimi miaka yote hii nimeliona pazia hili likifunguka kwa nyuma. Kwa mbele sijawahi, hata mara moja."

Mkurugenzi alitaka kumpa nafasi ya heshima safu ya mbele, bure. Alikataa. Alikwenda dirishani, akapanga foleni, akakata tiketi yake kwa hela yake. Anaitoa kwenye kopo la sindano na kuinyoosha juu ya goti. Ni ya kiti cha nyuma kabisa.

Tiketi ni moja tu. Anapoulizwa ya Mzee iko wapi, Mama Pazia anashangazwa na swali.

"Mzee?" anasema. "Mzee si atakuwa kazini."