Siku Niliyoambiwa Nikae, Sironga

Mwaka 1968, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki na shule ikaniishia darasa la tatu. Nikaanza kuchuma chai ya watu. Hakuna aliyeniuliza ninajisikiaje. Kwa hiyo mjukuu wangu Kerubo aliponiambia chuo kikuu kinawafundisha akili ya hisia kabla ya kwenda atachmenti, mafunzo ya kazini, nilicheka mpaka nikakohoa. Lakini ofisi mbili zilikuwa zimemkataa, na asipopata nafasi kufikia Ijumaa angerudia mwaka. Nikavaa koti.

Niliondoka Masimba saa kumi na mbili asubuhi. Nyanchwa, mjini Kisii, nilimkuta nje ya chumba chake cha kupanga, akijitazama kwenye simu.

"Naona umekasirika. Nakuelewa."

"Unamwambia nani?"

"Najifunza, sokoro. Ukitaja hisia za mtu, anatulia."

Kwa mila yetu babu na mjukuu hutaniana. Baba yake hangethubutu. Nikamwambia, "Haya, taja zangu."

"Una njaa."

Msichana ana akili.

Saa nne tulifika Sironga, kwenye ofisi ya kikundi cha wakulima wa chai. Mkubwa wa hapo, Mama Moraa, alikuwa hajamaliza kusoma barua ya chuo wakati mzee mmoja alipoingia na gunia, akifoka kwamba karani amekataa majani yake.

"Haya, mwanafunzi," Mama Moraa akasema. "Nionyeshe utamhudumiaje."

Kerubo akamkazia mzee macho. "Baba, naona umekasirika."

"Nani amekasirika? Mtoto kama wewe unaniambia roho yangu ikoje?"

Kwetu mtoto akiona mzee ana hasira, anajifanya hajaona. Hilo chuo hakikumwambia. Nikasimama kumsaidia.

"Wewe mzee, hizo kelele pelekea mke wako!"

Mzee akaliachia gunia likaanguka. Ofisi nzima ikanitazama. Nikajua nimemharibia mtoto.

"Sokoro, keti," Kerubo akasema, polepole, mbele ya watu wote.

Nikakaa. Mpaka leo sijui miguu ilimtii vipi.

Akainamisha macho, akamsogezea mzee kiti, akafungua gunia. Majani yalikuwa yameshika joto, mekundu.

"Baba, haya yalilala nyumbani?"

"Yalilala. Mke wangu ndiye huyabeba jioni. Amelazwa hospitali tangu Jumapili."

"Pole sana, baba. Sasa nani anakupikia?"

Mzee akajipangusa uso kwa kofia. Mimi nikatazama viatu vyangu. Halafu nikamwomba msamaha, na haikunitoka haraka.

Mama Moraa akaipiga barua ya chuo muhuri. "Jumatatu, saa mbili. Huyu babu yako abaki nyumbani."

Tukirudi Kisii, Kerubo akaniambia, "Sokoro, naona una aibu."

"Usitaje."

Nilichojifunza ni kwamba maisha yangu yote nimejua kusimama na kusema, lakini kukaa kimya nisikie mtu ana nini, hiyo kazi sikuwahi kuifanya.

Leo nina ekari mbili za chai, shamba la ndizi, ng'ombe watatu, nyumba ya mabati yenye vyumba vitano, na duka Masimba. Akili ya hisia sina. Kerubo anasema bado sijachelewa.