Kadi ya Baba Mdogo Ntutu

Barabara ya kutoka Kilosa ilitutikisa asubuhi nzima. Mikumi ilipoanza kuonekana, kwanza maturubai ya malori yaliyoegeshwa, kisha mabati ya nyumba za wageni, nilinyoosha shingo kama afanyavyo mtu anayefika mahali kwa mara ya kwanza. Mwanamke aliyekaa kati yangu na dereva hakuinua hata macho. Alikuwa amepakata kasha la kompyuta, jeusi, tupu, lenye ubavu wa kioo, na kila Fuso ilipoingia shimoni alilikumbatia kwa mikono miwili.

"Paramu, taratibu," alimwambia dereva.

"Paramu, taratibu zaidi ya hapa tunaegesha," dereva akajibu.

Nikauliza kama Paramu ni jina la ukoo wao. Dereva alicheka mpaka akafuta macho. "Mimi naitwa Theodory. Nilimletea huyu dada ramu mbili, vile vibao vya kumbukumbu ya kompyuta, kutoka Dar, zawadi tu, roho ilinituma. Tangu siku ile jina langu la ubatizo limekufa."

Mwanamke mwenyewe, Nalepo, ndiye aliyenieleza. Kwao, Wamaasai, mtu akikupa mnyama hamwitani tena kwa majina. Mkipeana ng'ombe mnaitana Pakiteng, mkipeana kondoo mnaitana Paker. Wewe unamwita hivyo, naye anakuita hivyo, mnadani, njiani, hata msibani. Yeye alikuwa anaunda kompyuta kwa vipande, na vingi amepewa na watu, basi akaona desturi ile haina sababu ya kuishia zizini.

"Ramu ni mnyama mdogo," alisema, "lakini ni mnyama."

Nimejifunza kushukuru kwa lugha kadhaa, na katika karibu zote neno la shukrani hutamkwa mara moja likaisha. Hapa mtu hushukuriwa kila anapoitwa. Nilikuwa nimekusudia kupanda basi la Iringa jioni ile. Nilipomshushia Nalepo kasha lake, nikamwomba niione hiyo kompyuta, na Iringa nikaiacha isubiri.

Nalepo alizaliwa uwandani, upande wa Mvumi. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na mdogo wa baba yake, Ntutu, mzee asiyejua kusoma ambaye wakati wa masika alimvusha maji mgongoni ili asikose shule. Alisoma Kilosa, kisha chuo Morogoro, akarudi Mikumi na kupanga chumba uani kwa Agatha, mama mwenye nyumba ya wageni inayolaza madereva wa malori. Humo anatengeneza simu. Humo pia, kwa kompyuta mpakato iliyochoka, alitengeneza mchezo wa simu: mchezaji ana kundi la ng'ombe na lazima alifikishe majini wakati wa kiangazi bila kukanyaga shamba la mtu hata mmoja. Ni mgumu kweli. Nimeucheza, nikala mahindi ya kijiji kizima.

Madereva waliucheza wakisubiri mizigo, wakaupeleka kila walikokwenda, mpaka ukafika kwa kampuni changa ya Dar es Salaam, watu wanne tu, inayotengeneza michezo. Wakamwita kazini. Aanze Jumatatu, na aje na mashine yake mwenyewe yenye nguvu ya kuendesha mchezo wao mpya, kwa sababu hawakuwa na ya kumpa. Asipokuwa nayo, nafasi wangempa mwingine. Siku tuliyofika ilikuwa Ijumaa.

Vipande vilikuwa juu ya kitanda, vimetandikiwa kanga.

"Wengi wanaanza na kadi ya grafiki, hii inayochora picha," aliniambia. "Ndiyo yenye sifa. Ni kama kuchagua dume kwa kuangalia pembe. Mimi nilianza kwa kuuliza maji yako wapi."

Maji yake yalikuwa pawa saplai, kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine: wati mia tano na hamsini, ya kampuni inayoaminika, kwa sababu umeme wa Mikumi una siku zake za kuyumba. Alipewa na Agatha, ambaye sasa anaitwa Papawa na analalamika kwamba wageni wanadhani ni jina la dawa. Baada ya maji, akachagua prosesa, ubongo wa mashine, ya kore sita, ya kazi, si ya kujionyesha. Hiyo aliinunua mwenyewe. Madabodi, ubao unaounganisha kila kitu, ilitoka kwa wenzake wa chuo. Zikaja ramu za Theodory, mbili zilizofanana, kwani mbili zikivuta pamoja zinakwenda kasi kuliko moja yenye ukubwa huohuo. Kila kipande alikipima kwa kile kilichotangulia. Hakuna kilichokuwa bora sana na hakuna kilichokuwa dhaifu, na nilipomwambia hivyo aliitikia kwa kichwa. "Ndivyo kundi linavyotembea. Likiwa na mmoja anayekimbia, wengine wote wanaumia."

"Na hii?" niliuliza. Pembeni kulikuwa na kadi yenye feni tatu, ndefu kama mkono wangu kuanzia kiwiko.

Agatha, aliyesimama mlangoni na sinia la chai, ndiye aliyejibu. "Huyo ndiye dume la baba yake mdogo. Ndiye huyo anayekimbia."

Ntutu alikuwa amemuuza maksai wake mkubwa, dume lililohasiwa, akaenda Kilosa kwenye duka la Hussein, akamwomba kadi iliyo kubwa kuliko zote. Hakuuliza kingine. Alichagua kama alivyochagua maisha yake yote: kifua kipana, mgongo mrefu. Akaileta imefungwa ndani ya shuka lake jekundu. Nalepo alipoifungua alijua papo hapo kwamba haitaingia kwenye kasha alilokuwa nalo. Hakusema. Kwao zawadi ya mzee hairudishwi mkononi mwake, kumrudishia mtu mnyama ni kumwambia hamna undugu. Ndiyo maana alikwenda Kilosa kubadilisha kasha, na ndiyo maana nilimkuta kwenye Fuso.

Aliunganisha vyote mchana ule, bila haraka. Kadi iliingia. Taa ziliwaka, feni tatu zikavuma, Agatha akapiga kigelegele. Nalepo akafungua mchezo wa kampuni. Milima ikaonekana, nyasi zikapepea, kisha skrini ikawa nyeusi na mashine ikanyamaza. Akawasha tena. Milima, nyasi, giza.

"Maji hayatoshi," alisema. "Anakunywa yote peke yake."

Pawa saplai kubwa zaidi haikuwepo Kilosa wala Mikumi. Kuiagiza Dar kungeifikisha baada ya Jumatatu.

Agatha aliweka sinia chini. "Papawa, nisikilize. Mrudishie Hussein hilo jitu, achukue alete dogo linalofaa. Mzee hajui hili wala lile. Ataona taa zinawaka, basi."

"Kisha nimwite Pakadi?"

"Umwite. Si utakuwa na kadi?"

"Nimwite kila siku kwa kitu nilichokiuza nyuma ya mgongo wake?" Nalepo alikuwa ameketi sakafuni, mkono juu ya kasha. "Papawa, siwezi. Bora nisiende."

Alikuwa anasema kweli, na wote watatu tulijua.

Jumamosi asubuhi Ntutu alifika kwa bodaboda kutoka uwandani, kuja kumuaga. Ni mtu mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini. Nalepo aliinamisha kichwa, mzee akaweka kiganja juu yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pakadi, yule wangu anakula?"

Agatha alianza kusugua sufuria iliyokuwa safi.

"Anakula, Pakadi," Nalepo alisema. "Anakula mno. Hapo ndipo penye taabu."

Akamwingiza ndani, akaiwasha mashine mbele yake. Milima, nyasi, giza. Hakueleza kwa maneno ya kitaalamu. Alimwonyesha pawa saplai kwa kidole, akasema, "Hiki ni kisima." Akamwonyesha kadi, akasema, "Huyu akinywa, prosesa na ramu hawapati kitu. Wanaanguka wote."

Mzee alichuchumaa, akaitazama ile kadi kwa muda mrefu. Nilidhani ameumia. Kumbe alikuwa anaikagua.

"Huyu ni maksai," akasema hatimaye.

"Ndiyo, baba."

"Mimi nilitaka kukupa mtamba. Wa kukaa nawe, akuzalie." Akasimama. "Kwa nini ukanyamaza? Maksai hubadilishwa kwa mtamba tangu babu zetu. Aliyepewa anabadilisha, mradi aliyetoa asikie kwa masikio yake. Hilo nilikufundisha mimi mwenyewe."

"Nilidhani ni kwa ng'ombe tu."

"Haya!" Mzee alimgeukia Agatha, kisha mimi, kama anayetafuta shahidi. "Ananiita Pakadi kutwa kucha, halafu anadhani ni kwa ng'ombe tu! Nipigie simu kwa Mluguru wangu."

Mluguru wake ni Hussein, na simu ikawekwa sauti ya juu ili wote tusikie.

"Mzee Ntutu! Shikamoo. Nilikuwa naisubiri simu hii."

"Marahaba. Ulijua?"

"Nilijua siku ileile. Nilikwambia chukua ya feni mbili, mpya, haili sana. Ukaniambia mkulima wa mpunga hana la kumfundisha mtu habari za madume."

Agatha aliinama akicheka ndani ya kanga yake.

"Nilisema hivyo?" mzee aliuliza.

"Ulisema, na dukani palikuwa na watu."

"Basi nilikosea, na uwandani usiseme. Nataka mtamba. Na maksai wangu ni mkubwa, kwa hiyo utaongeza kitu juu, kama inavyopasa."

"Nitaongeza diski, ile ya kuhifadhia mchezo wake. Anayo ndogo mno, aliinunua kwangu. Lakini na mimi niitwe jina."

"Nyongeza si zawadi," mzee akasema kwa ukali. "Nyongeza ni haki yetu."

"Basi nampa na feni ya kasha. Hiyo ni bure kabisa, haina haki ya mtu."

Nalepo aliisogelea simu. "Asante, Pafeni."

"Umesikia, mzee? Nimeitwa!"

Theodory alikuwa Kilosa asubuhi hiyo akipakia mzigo, Hussein akamkabidhi vyote kwa ahadi kwamba kadi kubwa itarudi naye. Alifika na kadi kifuani, ndani ya koti, akiendesha taratibu kuliko siku ile aliyonibeba, kwa mujibu wake mwenyewe. Kadi ya feni mbili ilikuwa ndogo kiasi kwamba Ntutu aliitazama kwa wasiwasi. Nalepo alifunga skrubu ya mwisho, akawasha. Milima ikaja, nyasi zikapepea, jua la mchezo likatua na kuchomoza tena, na mashine ikaendelea kuvuma polepole. Mzee aliketi kitandani akautazama mchezo mzima kama anayetazama kundi likinywa, na hakuna aliyethubutu kumwomba asogee.

Kisha Nalepo akawaita mmoja mmoja kwa kile alichopewa na kila mmoja, akiwashika mikono. Theodory aligeuka akaangalia tairi za lori lake, ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

Jumapili basi la Dar lilisimama mbele ya nyumba ya wageni. Konda alitaka kasha liende kwenye buti.

"Wewe," Agatha alimwambia, "humo unaweka samaki na betri za gari. Hili linakaa na mwenyewe."

"Mama, kiti ni cha mtu."

"Basi hesabu kwamba ni mtu."

Konda aliwatazama watu waliokusanyika, akaona hana wa kumtetea, akapisha. Ntutu alimtemea binti yake mate mepesi ya baraka viganjani, akasema maneno ya Kimaasai nisiyoyaelewa, na Nalepo akaitikia kila sentensi. Akapanda. Tulimwona dirishani akilifunga kasha kwa mkanda wa kiti, kisha basi likaondoka kuelekea mbugani.

Ntutu alisimama barabarani mpaka lori la mafuta lilipompigia honi.

"Na wewe mgeni," akaniuliza, "unaondoka lini?"

Nikamwambia sijui bado. Agatha alikuwa ameshaingia uani kunitandikia kitanda.