Spika Zisizojua Kusifia

Watu hudhani kazi ya mawifi ni kununiana. Mimi na wangu tulinuniana siku tatu tu, mwaka ule kaka yangu alipomwoa, kwa sababu ya pasi, kisha tukachoka. Siku hizi yeye ana studio yake katika chumba kilichokuwa cha wageni, mimi nina cherehani yangu hapo kibarazani. Akiwa anarekodi hugonga ukuta mara mbili, nami nainua mguu kwenye pedeli mpaka amalize.

Mtaani wanamwita Mama Vipimo, maana hata sukari ya chai haweki kwa kukisia. Kazi yake ni kuchukua sauti zilizorekodiwa moja moja, ya mwimbaji, ya gitaa, ya ngoma, na kuzipanga mpaka zikae pamoja kwenye wimbo. Ana miaka kumi na mmoja kwenye kazi hiyo. Nilipomuuliza ina ugumu gani, alinijibu, "Wifi, wewe ukishona, mtu akiuona mshono umeharibu. Na mimi ni hivyo hivyo."

Sasa mwaka huu aliharibu, na nitasema wazi kwa kuwa mwenyewe alisema wazi. Kwaya ya wauguzi wastaafu ilikuja kurekodi wimbo mmoja. Kati yao alikuwepo bibi mwenye sauti nene ya chini, wenzake walimwita Nesi Mkuu. Wiki tatu baadaye Nesi Mkuu alifariki. Wimbo ulipokuwa tayari, binti yake, mwalimu wa hesabu, akaja kuchukua nakala. Siku ya pili alirudi, akasimama mlangoni, hata kiti alikataa.

"Dada, nimesikiliza kwenye gari, nimesikiliza kwenye redio ya nyumbani, nimesikiliza kwenye simu. Wote nawasikia. Mama simsikii."

Wifi akaufungulia wimbo kwenye spika zake. Nesi Mkuu alikuwepo, mzito kama uji.

"Si huyu hapa?"

"Hapa kwako yupo," yule mwalimu akasema, machozi yanamtoka. "Akitoka hapa anapotea. Mwisho wa mwezi ndugu zangu wanakuja, hawajamsikia mama tangu mwaka juzi. Naomba unirudishie."

Alipoondoka wifi aliketi mbele ya spika, mikono mapajani. Zile spika zake zilikuwa za sherehe, zilizotengenezwa ili watu wacheze. Besi zilikuwa zinainenepesha. Zilimnenepesha Nesi Mkuu, wifi akaona amezidi, akampunguza. Huko nje, kwenye spika za watu wengine, bibi wa watu akawa amepunguzwa mpaka hayupo. Mimi nilizikasirikia zile spika kama vile zimenitukana.

"Usizilaumu," wifi akasema. "Nilizipenda kwa sababu kila nilichofanya ziliniambia ni kizuri."

"Basi si umwongeze tu?"

"Kwa kiasi gani? Nitakuwa nakisia. Mama wa mtu hakisiwi."

Kesho yake tukaenda dukani, yeye na wimbo ulioharibika kwenye flashi, mimi na futi kamba yangu ya cherehani, ambayo sikuambiwa ni ya nini. Muuzaji alikuwa na tai na maneno mengi. Spika zilipangwa rafuni mpaka juu darini, naye akatufungulia wimbo wake mwenyewe, wa kung'ara. Kila spika iliimba vizuri.

"Huo wimbo wako hata kwenye sufuria ungependeza," wifi akamwambia. "Zishushe mezani, kaka. Halafu weka huu wangu."

Akatoa futi kamba yangu. Akapima kutoka spika hadi spika, na kutoka kila spika hadi kichwani pake, mpaka pande tatu zikalingana, na spika zikawa usawa wa masikio yake. Muuzaji alinitazama. Mimi nikatazama dari.

Jozi ya kwanza ilikuwa ya inchi nane, na nakiri mimi ndiye niliyeichagua. Nesi Mkuu alitoka pale kifua mbele, meza ikatetemeka, nywele zikanisimama.

"Wifi, chukua hizi!"

"Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi," akasema. "Hizi ni zile zangu za nyumbani, zimevaa suti tu. Na chumba changu ni hatua nne kwa tatu, besi hii itakaa wapi?"

Jozi ya pili aliipenda kidogo, kisha akapapasa mgongo wa spika, akakuta tundu la kutolea hewa. Nyumbani meza yake iko karibu na ukuta. Tundu likiutazama ukuta, besi inavimba. Akazirudisha. Muuzaji alianza kusifia jozi nyingine, wifi akamwambia kizuri chajiuza. Nami miguu ikawa inaniuma.

"Mchagua jembe si mkulima," nikanung'unika, kwa sauti ya kutosha kusikika.

Wifi alikuwa anaonyesha spika mbili ndogo nyeusi kwenye pembe, za inchi tano, tundu lao mbele, hata vumbi lilikuwa limezizoea. Wimbo ulipotoka humo, nilitamani kuziba masikio. Gitaa lilipiga kelele puani, ngoma ilikuwa kavu, na Nesi Mkuu hakuwepo kabisa. Muuzaji akaona haya, akanyoosha mkono azime.

"Hizi labda zina hitilafu, dada."

"Usiguse." Wifi alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza tangu yule mwalimu asimame mlangoni petu. "Hivi ndivyo yule mwalimu alivyousikia kwenye gari. Nifungie hizi."

"Yaani umekuja dukani kununua aibu?" nikamuuliza.

"Ndiyo. Na aifunge vizuri isivunjike njiani."

Nyumbani tulisogeza meza mkono mmoja kutoka ukutani, tukasimamisha magodoro kwenye pembe za chumba yameze mwangwi, akapima tena pande zake tatu. Alifanya kazi asubuhi nne. Gitaa lililokuwa limemkalia Nesi Mkuu akalisogeza pembeni, sauti yake akaipandisha kidogo, akasikiliza, akaishusha nusu ya hapo. Mara moja niliingia nikamwambia wimbo hauna raha kwenye spika hizi.

"Raha ni ya watakaousikiliza," akasema. "Funga mlango."

Siku ya tano hakuugusa tena wimbo. Alimpigia simu mwalimu wa hesabu, akamwambia aje, na asiingie ndani.

Mwalimu akapokea flashi dirishani mwa gari, akapandisha vioo. Sisi tukasimama mlangoni. Hatukusikia kitu, tulimwona tu amekaa wima, mikono kwenye usukani. Ubeti wa kwanza ukapita. Wifi alikuwa anauhesabu wimbo kwa midomo, ametulia. Halafu yule mwalimu akajifunika uso, mabega yakamtikisika, nami nikataka kukimbilia gari. Wifi akanishika mkono.

Wimbo ulirudiwa mara tatu kabla kioo hakijashuka.

"Anavuta pumzi," mwalimu akasema. "Kabla ya ubeti wa pili. Mama anavuta pumzi."

"Ndiyo," wifi akasema. "Nilimsikia. Nikamwacha avute."