Sauti ya Kimakonde iliyomgomesha Mama Zainabu kupuliza salfa

Wakuu, habari za majukumu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe. Anayebisha aje Masasi nimpeleke kwa shahidi, nauli juu yake.

Nafundisha chuo kimoja cha ualimu. Kipindi changu ni kuhakiki habari za mtandaoni: nani kasema, kajuaje, wengine wanasemaje. Wanachuo wananiita Mzee wa Source. Naringa kidogo.

Siku moja akaja mwanafunzi wangu Zainabu, macho mekundu.

"Shikamoo mwalimu. Mama amegoma kupuliza salfa."

Kwao ni Chilangala, Newala. Mikorosho ilishaanza kutoa maua, na bila dawa ya salfa, ugonjwa wa ubwiri unga unayamaliza yote. Ada ya Zainabu inatoka kwenye hiyo mikorosho. Shida ni voice note iliyozunguka WhatsApp, ikidai salfa ya mwaka huu inaunguza maua.

Darasani tuliikagua. Msemaji hana jina. Afisa ugani alipopigiwa, akasema ni uzushi mtupu.

Zainabu akampelekea mama majibu. Mama akajibu, "Yule anaongea Kimakonde safi. Mtu wa nyumbani atanidanganya ili iweje?"

Hapo nikaishiwa somo. Ikabaki fitina.

Mimi Myao, mtani wa Wamakonde, na lugha yao naijua. Nikarekodi voice note yangu, sauti nimeikwaruza kizee: Baba Zainabu jana kaoa mke wa pili huku Masasi, Lisekese, pilau limeliwa.

Jumamosi tukaenda kwao Chilangala. Tumekaa uani, Baba Zainabu yupo, anapukuchua mahindi. Zainabu akaituma kwenye simu ya mama.

Mama akasikiliza. "Mwongo huyu. Jana tulishinda wote shambani."

"Lakini mama, si anaongea Kimakonde safi?"

Akairudia. Akanitazama.

"Mwalimu, hii sauti ni yako."

Gunzi la kwanza alilorusha mama lilinipata begani. Mengine nilikwepa. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga, na Jumatatu mikorosho ikapulizwa. Nilifurahi kuliko siku niliyopata ajira.

Nilichojifunza: sisi tunafundisha kukagua link, wazazi wetu wanaamini lafudhi. Anzia hapo.

Juzi Baba Zainabu kanipigia analalamika. Alichelewa kurudi, akampigia mkewe kwamba yuko ghalani. Akajibiwa, "Sauti nimeisikia. Sasa tuma picha ya ghala, na wewe uwemo."

Wenye mama kwenye magroup ya familia, ninyi mnatumia mbinu gani? Na mwenye neno la pole kwa Baba Zainabu aliweke hapa, nitamfikishia.